Mazoezi Makavu ya Bastola: Mwongozo Kamili wa Kuponya Risasi Zinazoangukia Chini Kushoto

Mpigaji wa mkono wa kulia anasimama mita saba kutoka kwenye karatasi ya shabaha. Anapiga risasi kumi. Saba kati ya hizo zinaangukia chini, upande wa kushoto wa duara. Kisha ananijia na maswali mawili ninayoyajua kabla hajafungua mdomo: nimrekebishie bastola, au nimwambie anunue ipi nyingine.

Bastola yake haina kosa. Nikimpa mtu mwingine silaha ileile, matundu yanakaa katikati. Shida ni kwamba mwili wake umeshajua kuna mlio na teke (bastola kurudi nyuma kwa nguvu) linakuja, basi kitambo kidogo kabla ya risasi kutoka, kiganja kinakaza, kifundo cha mkono kinainama na mtutu unazama. Mkono unauwahi mlio. Kwa anayepiga kwa mkono wa kushoto ni hivyohivyo, ila matundu yake huangukia chini kulia.

Watu hutafuta dawa kwenye boksi jingine la risasi. Hapo ndipo wanapojiharibu zaidi, maana kila risasi unayopiga huku ukiuwahi mlio inaufundisha mkono kuuwahi kwa ustadi zaidi. Dawa ni mazoezi makavu, yaani kuvuta traiga mara mamia bila risasi, bila mlio na bila teke, mpaka kidole kijue kufanya kazi peke yake.

Wengi wameshaambiwa hili, wakajaribu, wakashindwa. Wapo waliokaa wakibofya traiga huku macho yako kwenye televisheni, wakachoka bila kujifunza kitu. Wapo pia waliotoboa kabati. Hatua zilizo hapa chini zinawahusu wote hao, awe raia mwenye leseni au askari wa ulinzi. Nimeziandika kwa kufikiria bastola ya magazini, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini. Rivolva, ile yenye silinda inayozunguka, nitaigusa pale inapotofautiana. Kama hujawahi kabisa kushika silaha mbele ya mkufunzi, anza kwa mkufunzi, si hapa.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Bastola unayoimiliki au kuibeba kihalali, pamoja na kitabu chake cha maelekezo.
- Risasi bandia tano au sita za kipimo cha bastola yako, zenye rangi usiyoweza kuichanganya na ya risasi halisi.
- Ganda moja la risasi iliyokwisha kupigwa, au sarafu nyepesi.
- Ndoo ya lita 20 yenye mchanga mkavu, kina chake kisipungue sentimita 30.
- Kasha lenye kufuli, litakalokaa chumba kingine.
- Kipande cha karatasi chenye doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha koti.
- Ala ngumu inayofunika traiga yote, na mkanda usiolegea.
- Daftari na kalamu.

Fungua kitabu cha maelekezo uone mtengenezaji anasemaje kuhusu kufyatua silaha tupu. Bastola nyingi za kisasa zinazotumia risasi za kupigwa katikati ya kitako hazidhuriki. Zile za .22, ambazo pini yake hupiga ukingo wa kitako, ni habari nyingine: chemba (tundu inamokaa risasi ya kupigwa) ikiwa tupu, pini inaweza kugonga chuma cha chemba chenyewe na kuviharibu vyote viwili. Kwa hizo tumia risasi bandia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, au usifanye kabisa.

Ala ya kitambaa laini, inayojikunja bastola ikitoka, sikuruhusu. Sababu utaiona kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 1: Chagua ukuta, kisha chagua saa

Kabla ya jambo lolote, jiulize: kama leo nimekosea na kuna risasi ndani, itakwenda wapi? Ukuta wa mbao nyembamba au wa jasi si jibu. Risasi ya milimita 9 inaupenya, inapita kwenye mlango wa mbao, na bado ina nguvu ya kuua upande wa pili. Tafuta ukuta wa zege au wa tofali lisilo na uwazi ndani, ambao nyuma yake hakuna chumba cha kulala wala njia ya watu. Kama una fulana ya kuzuia risasi za bastola, itundike ukutani, na ukifika hatua ya tano ubandike doa lako juu yake. Soma lebo kwanza. Zipo fulana zilizotengenezwa kwa ajili ya visu tu, na hizo hazizuii risasi.

Ndoo ya mchanga ni ya kupakulia silaha. Unaelekeza mtutu juu ya mchanga bila kuuchomeka ndani, kwa sababu mtutu ulioziba mchanga unaweza kupasuka risasi ikitoka.

Saa yenyewe iwe ile ambayo hakuna mtoto anayekimbia sebuleni na hakuna mgeni anayebisha hodi. Simu izimwe. Kama umekunywa pombe, umetoka zamu ya usiku au umegombana na mtu, leo hakuna mazoezi. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Baada ya hapo akili huanza kutangatanga, na unakuwa unajifunza uzembe.

Kwa askari: usifanyie mazoezi haya kwenye kibanda cha ulinzi ukiwa zamu. Silaha ya zamu inatakiwa kuwa tayari kwa zamu, na mtu anayeipakua na kuipakia kila dakika ishirini atajisahau tu.

Hatua ya 2: Pakua, hakiki, ondoa risasi chumbani

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo palipo na maiti.

Elekeza mtutu kwenye ndoo. Kidole cha shahada kilale kando ya fremu, nje kabisa ya pete ya traiga. Kisha fuata mpangilio huu, na usiubadilishe hata siku moja:

1. Toa magazini, iweke kando.
2. Vuta slaidi, chuma cha juu kinachoteleza, nyuma kwa nguvu, risasi iliyo chembani iruke nje.
3. Ifungie slaidi huko nyuma ili ibaki wazi.
4. Tazama chembani, kisha pitisha ncha ya kidole kidogo uguse.
5. Geuza macho pembeni, kisha tazama na uguse tena.

Kwa nini magazini kwanza? Kwa sababu ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi ya chembani itaruka nje kweli, utaiona kwa macho yako ikidunda sakafuni, na moyo utatulia. Lakini slaidi inaporudi mbele inasomba risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chembani. Ukitoa magazini baada ya hapo, umeshika bastola isiyo na magazini lakini iliyokokiwa, na huku unaamini ni tupu. Zipo bastola zinazogoma kufyatua magazini ikitolewa. Nyingi hazigomi.

Kosa hilo linakuwa baya zaidi kwa bastola zinazodai uvute traiga ndipo uzifungue kwa usafi. Glock ni mojawapo. Mtu anapakua kinyumenyume, anajiandaa kusafisha, anavuta traiga kama kitabu kinavyoelekeza, na chumba kizima kinapigwa na mlio.

Onyo jingine: usiidake kwa kiganja risasi inayoruka nje. Nimeona askari wenye uzoefu wakifunika dirisha la kutolea maganda kwa mkono ili risasi isianguke chini. Risasi ikikaa upande na kitako chake kikagonga kijino kinachosukuma maganda nje, inaweza kulipuka ndani ya kiganja. Iache ianguke, utaiokota.

Ukishahakiki, beba risasi zote, pamoja na zile za magazini ya akiba na ile moja uliyoisahau mfukoni, uzipeleke kwenye kasha chumba kingine na ufunge. Rudi, kisha hakiki bastola upya. Ndiyo, upya, ingawa hakuna aliyeigusa.

Umefaulu kama, magazini ikiwa imetoka na slaidi iko wazi, unaona mwanga ukipita moja kwa moja kutoka dirishani hadi chini ya mpini, na kidole kidogo kinasikia ukingo mtupu wa chemba.

Wenye rivolva: fungua silinda, elekeza mtutu juu, sukuma fimbo ya kutolea maganda hadi mwisho, kisha hesabu matundu yote kwa kidole. Usihesabu maganda yaliyoanguka. Hesabu matundu.

Neno kwa wanaokabidhiana silaha kila zamu. Unakabidhi bastola magazini ikiwa nje na slaidi wazi. Anayepokea anahakiki mwenyewe hata kama amekuona ukihakiki sekunde tatu zilizopita. Asione haya, na wewe usiudhike. Pia, risasi ileile isiingizwe chembani na kutolewa kila siku. Kila inapogonga njia ya kuingilia chembani, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua, na siku ikipigwa, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi ambacho chuma kimeundwa kustahimili. Ipange na mpya kando kwa kando: ukiona ni fupi, iweke pembeni isitumike tena.

Hatua ya 3: Mshiko

Miguu haihitaji hotuba. Isimame kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, uzito uegemee mbele kana kwamba unataka kusukuma gari lililozimika.

Mshiko ndio wenye maneno. Mkono unaopigia uingie juu kabisa ya mpini, pale kidole gumba kinapoachana na kidole cha shahada pabane chini ya mkia wa fremu. Kadiri mkono unavyokaa juu, ndivyo bastola inavyoshindwa kurusha mtutu. Kiganja cha mkono wa pili kijaze nafasi iliyobaki wazi kwenye mpini, vidole vyake vizunguke vidole vya mkono wa kwanza, na vidole gumba vyote viwili vielekee mbele upande mmoja. Kidole gumba kikivuka nyuma ya slaidi, slaidi itakichana.

Sasa siri ya yale matundu saba. Mkono wa pili ndio ubane zaidi. Mkono wenye kidole cha traiga ubane kiasi cha kushika nyundo ya seremala, basi. Ukiukaza sana, kidole cha shahada hakiwezi tena kwenda peke yake, mkono mzima unajikamua nacho kama unakamua ndimu. Juisi ya ndimu hiyo ndiyo chini kushoto.

Utajua umepata pale unapoweza kukichezesha kidole cha shahada mbele na nyuma haraka, kikiwa kando ya fremu, na kile kijino kilicho mbele juu ya slaidi kisitikisike.

Hatua ya 4: Ukuta mtupu

Simama mbele ya ukuta uliouchagua, mtutu ukiwa umbali wa sentimita tatu hivi, usiguse. Usibandike doa bado. Ukuta uwe mtupu kwa makusudi: jicho likikosa kitu cha kukodolea, litabaki kwenye kijino cha mbele, na huko ndiko ninakotaka liwe.

Panga kijino cha mbele katikati ya mwanya wa kilengeo cha nyuma, vichwa vyote vilingane, mwanga kushoto na kulia uwe sawa. Kijino kionekane kikali kama ncha ya sindano. Mwanya wa nyuma uwe na ukungu kidogo.

Weka nyama ya pingili ya kwanza ya kidole kwenye traiga. Vuta taratibu. Utasikia mwendo mlaini usio na upinzani, kisha mahali pagumu, kisha mvunjiko: *tak*. Usisimame pale pagumu ukisubiri wakati mzuri. Endelea kuongeza uzito kwa mwendo uleule, kama anayeegemea mlango mzito, mpaka mvunjiko ukukute.

Ukisikia *tak*, usiachie. Baki umevuta, hesabu moja, ukitazama kijino. Kilikwenda wapi? Hilo ndilo swali pekee la zoezi lote. Kikiwa kimezama kushoto, umejiona kwa macho yako mwenyewe ukiuwahi mlio ambao haukuwepo.

Koki tena kwa kuvuta slaidi, weka upya, rudia. Mara kumi na tano zinatosha.

Hapa watu hunikatia tamaa wakisema mikono inatetemeka, hawawezi kutulia. Ni kweli, na hakuna anayeweza. Ila kuna mitetemo miwili. Bastola nzima ikiyumba kando milimita moja bila kupinda, tundu linahama milimita moja. Kijino cha mbele kikihama milimita moja ndani ya mwanya wa nyuma, bastola imepinda. Kwa bastola yenye sentimita 16 kati ya kijino na mwanya, upindo huo, umbali wa mita saba, unapeleka tundu kando zaidi ya sentimita nne. Kwa hiyo uvumilie mtetemo wa kwanza, usiuvumilie wa pili. Anayenyakua traiga pale doa linapopita mbele ya kijino anauepuka mtetemo mdogo kwa kuzalisha upindo mkubwa.

Umefaulu pale ambapo, katika mara kumi na tano, kijino kimebaki palepale mara kumi na tatu au zaidi. Ukipata kumi, rudia kesho. Andika kwenye daftari ulichokiona, si ulichotamani.

Hatua ya 5: Ganda mgongoni

Nenda kwenye doa sasa, umbali wa mita tatu au nne. Lisimamishe ganda tupu juu ya slaidi, karibu na kijino cha mbele. Kama mgongo wa slaidi yako ni wa mviringo, laza sarafu. Ulete mkono kutoka ubavuni na kutoka juu. Usipite mbele ya mtutu hata kama umehakiki mara tano. Mkono uliozoea kupita mbele ya mtutu mtupu utapita siku usio mtupu.

Lenga, vuta, baki. Ganda lisianguke.

Ganda halina upendeleo, na ndiyo maana nalipenda kuliko mimi mwenyewe kusimama pembeni nikisema "vizuri, vizuri". Tafuta kumi mfululizo. Likianguka kwenye la tisa, anza moja. Kwa wengi hii inachukua wiki, na mtu asiyepata siku ya kwanza hana sababu ya kununua traiga laini zaidi.

Hatua ya 6: Kutoa kwenye ala

Usiifikie kabla hujapata kumi za ganda katika siku tatu tofauti. Najua ndiyo inayovutia.

Mkono wa pili unatandaza na kuinua nguo, kisha unabandikwa kifuani, usizurure. Mkono wa kwanza unashika mpini ukiwa bado alani, mshiko ule ule wa hatua ya tatu, kwa sababu hutapata nafasi ya kuurekebisha baadaye. Bastola inapanda wima hadi itoke. Mtutu unageuka mbele ukiwa ubavuni. Mikono inakutana mbele ya kifua, na bastola inakwenda mbele hadi machoni. Kidole kinabaki kando ya fremu safari yote, na kinaingia kwenye traiga baada tu ya kijino kukaa kwenye doa na wewe kuamua kufyatua.

Polepole. Polepole kiasi cha kuchosha. Mwendo uliofanywa ovyo kwa haraka hubaki ovyo, umeongezewa haraka tu.

Nusu ya mara unazotoa bastola zisiishie kwenye traiga. Toa, lenga, sema kwa sauti "Simama hapo! Rudi nyuma!", kisha shusha mtutu. Hili wakufunzi wengi hulipita. Mtu aliyezoea kwamba kila bastola inayotoka alani lazima ifyatuliwe, mwili wake utafyatua siku ambayo mtu aliye mbele yake tayari ameinua mikono. Sheria za kujihami hutofautiana kwa maneno, ila mara nyingi huuliza yaleyale: hatari ilikuwa ya papo hapo? Nguvu uliyotumia ililingana nayo? Kidole kinachofyatua chenyewe hakina la kujibu. Isome sheria inayokuhusu kabla ya siku hiyo.

Kasi itakuja. Mwaka 1983, Dennis Tueller, afisa wa polisi wa Salt Lake City, aliandika kwamba mtu mzima anaweza kukimbia futi 21, kama mita 6.4, ndani ya sekunde moja na nusu hivi, ambao ndio karibu muda wa mpigaji aliyezoezwa kutoa bastola na kupiga. Wengine waliugeuza umbali huo kuwa mstari wa kuruhusiwa kupiga. Haukuwa hivyo. Kwa mwanafunzi wangu somo lililomo ni kwamba ukiwa peke yako na mtu mwenye kisu yuko karibu, miguu yako inayokwenda pembeni nyuma ya gari au meza inaweza kukufaa kuliko mkono unaokwenda alani. Basi fanya mazoezi ya kutoa bastola huku ukipiga hatua pembeni.

Kurudisha alani ndiko kunakojeruhi paja. Hakuna shindano la kurudisha. Kidole nje, tandaza nguo, *tazama* ala, kisha ingiza polepole. Kamba ya koti, pindo la shati au mdomo wa ala laini iliyojikunja unaweza kuingia ndani ya pete ya traiga na kuvuta badala ya kidole. Ukisikia upinzani wowote, simama, toa, angalia. Usisukume.

Ukifanya mara kumi safi, kidole kikiwa kando na macho kwenye ala kila unaporudisha, yatosha kwa siku.

Hatua ya 7: Kufunga mazoezi

Mwanafunzi wangu mmoja, mtu makini kweli, alimaliza mazoezi, akaleta risasi, akapakia, akakoki. Kisha akakumbuka kwamba mara ya mwisho kijino kiliyumba. Akasema ngoja nifanye moja tu ya kumalizia. Kabati la nguo likapata tundu, na mashati matano nayo. Mke wake alikuwa jikoni, upande mwingine wa nyumba.

"Moja tu ya mwisho" ndiyo inayotoboa makabati. Kwa hiyo mazoezi yana mwisho rasmi:

1. Bandua doa ukutani. Lisibaki, maana doa linaita.
2. Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako: "Mazoezi yamekwisha."
3. Iweke bastola tupu mahali pake na ufunge. Toka chumbani.
4. Fanya jambo jingine kwa dakika kumi. Andika daftari, oga, osha vyombo.
5. Kama lazima uipakie, pakia mtutu ukiwa kwenye ndoo, useme: "Bastola hii ina risasi." Moja kwa moja alani au kwenye kasha.

Kusema kwa sauti kunaonekana kama utoto. Masikio yako yakilisikia neno, akili hubadilisha ukurasa. Mwanafunzi huyo sasa analisema kwa sauti kuliko wote.

Hatua ya 8: Mtihani uwanjani

Baada ya wiki mbili au tatu, nenda uwanja wa shabaha na mwenzako. Vaa miwani na vizibo vya masikio, ukiweza viwili kwa pamoja, vya ndani na vya nje. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, kiwango ambacho sikio linaweza kuumia kwa mlio mmoja.

Mwenzako akupakilie magazini bila wewe kuona, achanganye risasi halisi na risasi bandia mbili au tatu. Piga polepole kwenye umbali wa mita tano. Ukifika kwenye risasi bandia utasikia *tak* badala ya mlio, na hapo bastola itakuumbua au itakusifu. Mtutu ukizama, bado unauwahi. Ukibaki palepale kama ulipokuwa nyumbani mbele ya ukuta, mkono umepona.

Kwa kuwa siku hii huwezi kujua *tak* ni ya risasi ipi, baki umeelekeza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa. Risasi halisi iliyogoma inaweza kuchelewa kulipuka. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, acha kabisa kupiga. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na kinachofuata kikigonga hicho, mtutu unapasuka. Pakua, mpe msimamizi auangalie.

Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumshika mtoto. Moshi na vumbi la uwanjani vina madini ya risasi.

Kipimo changu: risasi kumi halisi, mita tano, bila haraka, zote ndani ya duara unaloweza kulifunika kwa kiganja.

Ukikwama

Matundu yakiwa yametawanyika kila upande, tatizo ni jicho. Umeacha kijino na kutazama doa. Rudi ukutani, hatua ya nne. Yakiwa kushoto tu bila kushuka, kwa mpigaji wa mkono wa kulia, kwanza angalia kidole: mara nyingi kimeingia kidogo mno na kinasukuma traiga pembeni. Yakiwa juu, unainua kifundo ili kulisaidia teke, ama unainua kichwa kuchungulia tundu kabla risasi haijafika. Yakiwa yamekusanyika vizuri mahali pamoja lakini pembeni, na mwenzako mwenye mkono mzuri akayapeleka palepale kwa bastola yako, *hapo* ndipo tunaongea kuhusu kurekebisha vilengeo.

Mara tatu au nne kwa wiki, dakika kumi. Ikifika wiki ya sita na ganda bado linaanguka, mwombe mtu akupige video ya mkono, kwa karibu, kutoka ubavuni, bastola ikiwa imehakikiwa na nyinyi wote wawili. Itazame polepole. Usihangaike na kidole cha shahada. Tazama vile vingine vitatu vilivyo chini yake, uone kipi kinajikunja kabla ya *tak*.